Vyombo vya sauti vya mtaa wetu Manyatta: uzoefu wangu

Nimetumia vyombo vya sauti vya kikundi chetu hapa Manyatta, Kisumu, kwa matanga, kwa harusi na kwa mikutano ya wazazi. Naandika kwa sababu majirani wa Migosi na Nyalenda huniuliza kila mara kama mpango huu unafaa. Unafaa sana. Lakini wengi huuliza spika ni za aina gani na zinasikika umbali gani, wakati ubora wa mpango wetu uko kwingine kabisa.

Zamani tulikuwa tukikodi mjini. Ikifika Jumamosi ya mazishi bei inapanda, kwa kuwa mwenye vyombo anajua mazishi hayaahirishwi. Halafu vinafika saa tano, ibada ilikuwa ianze saa tatu. Familia imefiwa, bado inabembeleza mtu kwa simu. Ndipo tukakubaliana kila nyumba ichange kidogo kidogo kila mwezi tununue vyetu. Kikundi kilisajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, inayotaka wanachama wasiopungua 10. Risiti zote zimeandikwa jina la kikundi, si la mwenyekiti. Mwenyekiti akihama kesho, au Mungu akimchukua, hakuna atakayevutana na watoto wake juu ya spika.

Vyombo vyenyewe ni vya kawaida: spika mbili za inchi 15 zenye amplifaya (kifaa cha kukuza sauti) ndani yake, miksa ya chaneli nane ya kuunganisha na kupima sauti za maiki, maikrofoni tatu za waya na moja isiyo na waya, stendi, na sanduku la nyaya. Uamuzi wa kuchukua spika zenye amplifaya ndani ndio ninaousifu zaidi. Chukua mfano wa spika zisizo na amplifaya ndani, zile za omu 8. Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na zikipungua amplifaya hulemewa zaidi. Ukiunganisha mbili sambamba kwenye amplifaya, mzigo unakuwa omu 4. Ukiongeza mbili nyingine unashuka hadi omu 2, na hapo amplifaya nyingi huchemka na kuungua. Mtu mwenye vyombo vyake peke yake anajua mipaka yake. Vyombo vya mtaa mzima vina hatari nyingine: hakosekani shemeji aliyekuja na spika zake kutoka nyumbani akitaka kuongeza nguvu. Hizi zetu hazimpi pa kuchomeka.

Maikrofoni moja ni Shure SM58, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na ambayo bandia zake zimejaa sokoni. Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na fundi wetu alikataa pesa zitoke kabla ya kuikagua. Ile ya kawaida haina swichi na ina uzito wa karibu gramu 300, kwa hiyo alienda nayo buchari akaomba ipimwe kwenye mizani ya nyama. Mpaka leo ndiyo maiki inayogombewa.

Sasa nije kwa huyo fundi, maana ndiye sababu kubwa ya mimi kuridhika. Vyombo havitoki stoo bila yeye au kijana anayemfundisha, na malipo yake yamo ndani ya ada, hivyo huombwi cha ziada ukiwa kwenye shughuli. Angalia anavyokunja waya: hauzungushi kwenye kiwiko kama wengi wafanyavyo, kwa sababu hapo nyuzi za ndani hupindana na mwishowe hukatika. Anaufuata mkunjo wake mwenyewe, kisha anaufunga kwa kipande cha kitenge. Chekundu ni waya wa maiki, cha kijani ni wa stima. Shughuli ikiisha anahesabu vipande vya kitenge kwa tochi ya simu, anaandika kwenye daftari, unatia sahihi, ndipo tuktuk inaondoka. Vile vikapu vya chuma vya kichwani mwa maiki anavifungua na kuviosha kwa sabuni laini, anavianika mpaka vikauke kabisa. Kwa kitu kinachowekwa mdomoni na watu wengi hivyo, mimi naona hilo ni jambo kubwa.

Tulipomzika mama mkwe wangu kule Vihiga, mzee mmoja wa ukoo alishika maiki kwa kuifumbata kichwani, na mluzi ukapasua masikio ya kila mtu. Fundi hakukimbilia kumpunguzia sauti. Alimwendea, akainama, akamwambia, "Baba, shika hapa chini kidogo," akamwekea vidole mahali panapofaa. Kisha akazisogeza spika mbele ya msemaji, zisiielekee maiki. Waliokaa nyuma kabisa walikuwa hawasikii vizuri. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua kama desibeli 6, yaani kile kipimo cha ukubwa wa sauti. Akachukua spika moja na waya mrefu, akaipeleka katikati ya umati, na sauti ya mbele haikuhitaji kuongezwa. Mzee akamaliza hotuba yake yote, hakuna aliyemkata.

Kuhusu stima, ana utaratibu ambao sasa hata watoto wa mtaa wanaujua: spika huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza, zisipigwe na ule mshindo wa miksa. Jenereta hupitia kwenye kidhibiti umeme. Na radi za huku kwetu ziwa mnazijua, mawingu yakianza kunguruma anachomoa kila kitu, hata kama mgeni rasmi yuko katikati ya salamu.

Malalamiko yangu ninayo. Ile maikrofoni isiyo na waya haifai. Inakatika katikati ya sentensi, na betri zake zinaisha upesi. Heri ingeuzwa tukanunua stendi nzuri. Stoo nayo ni chumba cha mabati chenye joto na vumbi, na ingawa spika hufunikwa, sidhani zitadumu inavyopaswa.

Lalamiko lingine ni Jumamosi, hasa za Agosti na Desemba. Kanuni inasema msiba hutangulia sherehe. Jirani yangu alikuwa amelipia vyombo kwa harusi ya binti yake, wiki hiyohiyo nyumba ya pili ikafiwa. Kikundi kiliwagawia spika moja moja, harusi ikapata miksa, na kwenye msiba maiki ikachomekwa kwenye spika moja kwa moja. Mama wa bi harusi aliumia, na nilimwelewa. Hata hivyo kanuni naiunga mkono, kwa kuwa anayefiwa hakupata nafasi ya kupanga.

Ukitaka vyombo vya kukesha na kupiga muziki usiku kucha, usije kwetu. Kikundi hakitoi vyombo kwa disko matanga, zile dansi za usiku kwenye matanga, na mimi kama mzazi wa wasichana nashukuru. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha nje kwenye makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 kuanzia saa mbili usiku, na mazungumzo ya kawaida tu ya watu wawili hufika kama 60. Kwa hiyo shughuli yoyote ya maana inataka kibali, na katibu hakuandiki kwenye daftari kabla hajakiona. Mikutano ya siasa pia imekataliwa. Uchaguzi wa 2027 unakuja, na wanaotafuta kura wameshaanza kubisha hodi na bahasha. Kikundi kisiyumbe hapo. Spika ikipigwa jiwe kwenye mkutano, hakuna mgombea atakayeilipa.

Ninavipa vyombo hivi nyota nne kati ya tano, na fundi wake tano. Mwanachama hulipa ada ndogo kuliko mgeni, lakini mgeni pia hupewa akidhaminiwa na mwanachama. Piga simu kwa katibu mapema, mwambie idadi ya watu na kama mahali pana stima, na kama ni Desemba usingoje mwezi wenyewe uanze.