Uzoefu wangu: uanachama na zamu za kujitolea kwenye klabu ya mbio za mashua

Nimekuwa memba wa klabu ya mbio za mashua ndogo za tanga misimu kadhaa sasa, na kwa vile watu wananiuliza sana kama inafaa kujiunga nimeona niandike yote mara moja. Jibu fupi, inafaa sana. Ila ukijiunga ukidhani umeshalipa ada basi kilichobaki ni kuhudumiwa, utaondoka na kinyongo, maana klabu nyingi za hivi hazina watu wa kuajiriwa au wanao wachache mno, kwa hiyo kila unachokiona siku ya mbio, maboya yaliyotiwa nanga, bendera, honi, boti ya uokoaji, matokeo yaliyobandikwa ubaoni, ujue kuna memba mwenzako ameacha tanga lake limekunjwa siku hiyo ili wewe ushindane. Na zamu yako itafika tu. Wengi zamu wanaichukulia kama adhabu. Mi naona ndo sehemu bora ya uanachama wote, na imenifundisha kuendesha mashua kuliko darasa lolote, nitaeleza.

Nianze na ya haraka. Boti si lazima uwe nayo. Watoto wanaanzia kwenye Optimist, kale kaboti kenye omo (ncha ya mbele) butu ka mita 2.3 ambako Clark Mills alikachora mwaka 1947 na mpaka leo kanatumika, mtoto anakaendesha peke yake na kwenye mashindano anaruhusiwa mpaka ule mwaka anaotimiza 15. Wakubwa wengi wako kwenye ILCA, ile iliyokuwa ikiitwa Laser, mita 4.2 na kidogo, mtu mmoja, bodi (yaani kiwiliwili cha boti) ile ile moja ila matanga ya saizi tatu, mita za mraba 4.7, 5.76 na 7.06, kwa hiyo mwepesi na mzito wote wanapata la kuwafaa. Huna boti? Nenda ukae mbele kwenye boti ya watu wawili, manahodha wanatafuta mabaharia kila wikendi, we fika mapema ukiwa na nguo za kulowana na useme uko tayari, mara nyingi utapata nafasi. Na kupinduka unafundishwa kwa makusudi siku za mwanzo kabisa: omo uangalie upepo, legeza demani (kamba ya kuvutia tanga), panda kwenye ule ubao wa chini, vuta, boti inasimama. Ukishafanya hivyo mara kadhaa ile hofu inakwisha yenyewe.

Sasa zamu. Mara ya kwanza nilipangwa boti ya kamati, ile wanayokaa wanaoendesha mbio na inayotia nanga kwenye ncha ya kulia ya mstari wa kuanzia. Msimamizi wa mbio siku hiyo alikuwa mzee mmoja ambaye ameshindana maisha yake yote, kabla sijakaa vizuri akanipa kijiti chenye utepe mwepesi na kompasi ya mkononi akasema, "Mwanangu, niambie upepo unatoka wapi, kila baada ya dakika chache, usichoke." Nikasema sawa mzee. Nikawa naandika, nyuzi 210, 215, 205, 220, 210, 200. Kumbe upepo haukai sehemu moja hata siku unapoonekana umetulia kabisa, unakwenda kulia unarudi kushoto, na saa ingine una mpangilio wake ambao ukiuandika kwenye karatasi kwa nusu saa unauona kwa macho. Ukiwa ndani ya mashua yako huna nafasi ya kuona hilo, umeshika demani mkono mmoja na usukani mwingine na kuna mtu anakupigia kelele umpishe.

Alafu yale manamba yana kazi. Wastani ukiwa 210, mstari wa kuanzia lazima uukate upepo mraba, yaani ukisimama boti ya kamati ukalenga boya la ncha ya pili kompasi isome 120. Ikisoma tofauti, tuseme lile boya limesogea juu kuelekea upepo, basi boti zote zitakimbilia ncha ile kwa sababu kuanzia pale ni karibu zaidi, na hapo ndo mbao zinagongana. Mzee alinionyesha kitu ambacho sikisahau: "Usiangalie boya, angalia boti zinajazana wapi, zenyewe zitakwambia mstari umepinda." Na kweli, tangu siku ile nikifika kwenye mstari na boti yangu kitu cha kwanza naangalia ncha ipi iko juu, na nimeanza kutoka vizuri kwenye mbio ambazo zamani nilikuwa namezwa katikati ya kundi. Hali kadhalika boya la juu, lile la kuzunguka kule upepo unakotoka, likiwa halikai sawasawa, safari ya kubisha (kwenda zigizaga dhidi ya upepo) inageuka foleni ya kwenda upande mmoja, hakuna wa kumpita mwenziwe, watu wanarudi nchi kavu wamenuna na hawajui hata kwa nini. Aliyeweka boya ndo anajua.

Bendera nazo zinaonekana nyingi za kutisha ila ukizishika mwenyewe zinaingia kichwani siku moja. Dakika 5 kabla inapanda bendera ya daraja la boti (aina ya boti zinazoshindana) na mlio mmoja. Dakika 4 inapanda P, ile ya bluu yenye mraba mweupe katikati. Ikibaki dakika 1 P inashuka na mlio mrefu. Muda ukitimia bendera ya daraja inashuka na wameenda. Honi ni msaada tu, kisheria saa inahesabiwa kwa bendera, kwa hiyo honi ikigoma (na honi hugoma, yaani siku ya upepo mzuri ndo inagoma) mbio hazisimami, anayeshika bendera ndo asichelewe. Boti moja au mbili zikivuka mapema inapanda X nyeupe yenye msalaba wa bluu na mlio mmoja, na boti hizo zinatakiwa zirudi zikaanze upya. Zikivuka nyingi mpaka hujui ni nani na nani, wote wanaitwa nyuma kwa ile ya pembetatu ya bluu na njano na milio miwili. Ukiwa juu ya boti ya kamati unachungulia mstari unaona jinsi watu wanavyodhani wako nyuma kumbe wamepitiliza, na wengine wanadhani wamevuka kumbe wamebaki nyuma urefu wa boti mbili nzima. Hao wa pili ni wengi zaidi ya nilivyodhani! Hilo peke yake lilinilipa zamu yote.

Kumaliza mbio ndo kazi ngumu ambayo hakuna anayekuambia. Boti moja moja ni rahisi, ila zikija saba kwa pamoja na matanga yamefunikana, mmoja anaita namba za matanga, wa pili anaandika, wa tatu anasoma saa, na simu inarekodi sauti pembeni kwa ajili ya kuhakiki baadaye. Penseli, sio kalamu ya wino, karatasi ikilowa wino unaondoka wote. Tena boti inahesabika imemaliza pale bodi yake inapogusa mstari, sio mkono wa mtu wala tanga, kwa hiyo macho yako yanakaa kwenye ule mstari tu, ukimfuata mtu kwa macho unapotea. Kama mbio zina boti za aina tofauti basi muda unarekebishwa kwa namba ya handikapu, yaani namba ya kusawazisha kasi za aina tofauti za boti, boti yenye namba 1100 ikitumia dakika 55 unazidisha kwa 1000 unagawa kwa 1100 inakuwa dakika 50, hivyo aliyefika nyuma kwa macho anaweza kuwa mshindi. Pointi ni za chini, wa kwanza 1, wa pili 2, mwenye chache ndo bingwa wa msimu. Na hapa niwapongeze klabu yangu, ukiwa zamuni unapewa wastani wa pointi zako, huadhibiwi kwa kujitolea. Klabu ambayo haifanyi hivyo ijiulize kwa nini haipati watu wa zamu.

Boti ya uokoaji nayo ni dunia nyingine. Kabla hujawasha injini unafunga mguuni ile kamba ya kuzimia, ukidondoka majini injini inakufa palepale, hili hakuna mjadala hata kama unasogea mita kumi. Kanuni ya pili ni watu kwanza, boti baadaye, boti inanunuliwa. Kuna siku upepo ulipanda ghafla, mashua ya watu wawili ikageuka kabisa mlingoti ukaangalia chini, tukafika tukaona kichwa kimoja. Mwenzangu akaita kwa nguvu, "Kaka, mwenzio yuko wapi?" Zile sekunde hazielezeki. Kumbe dada alikuwa upande wa pili wa bodi ameshika ubao na yuko salama tu, bodi ndo ilimficha. Tulizima injini kabla ya kuwakaribia, maana propela na miguu ya watu ndani ya maji havikai pamoja, tukamsaidia mmoja apande, mwingine akainyanyua boti, dakika chache wakarudi mbioni. Wakati huo kwenye boti nyingine hakuna aliyejua kama kuna lolote limetokea, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Kanuni ya 1.1 ya mbio za tanga duniani inasema boti au mshindani atoe msaada wote anaoweza kwa mtu yeyote aliye hatarini, na kitabu cha sasa ni cha 2025 mpaka 2028. Tukifundisha wapya huwa nawasimulia Lawrence Lemieux wa Kanada, Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alikuwa nafasi ya pili kwenye boti yake ya mtu mmoja aina ya Finn akaacha mbio kwenda kuwaokoa mabaharia wa Singapore waliopinduka, akamaliza wa 22, jopo la waamuzi likamrudishia nafasi ya pili kwa mbio ile na akapewa medali ya Pierre de Coubertin. Vijana wakisikia hiyo wanaelewa mchezo huu unahusu nini.

Magomvi yapo, siwafichi. Mashua inayopokea upepo upande wa kulia ina haki ya njia na ya kushoto inapisha, hapo hakuna utata, shida inaanzia kwenye boya, ndani ya urefu wa boti tatu, nani alikuwa upande wa ndani, karibu na boya, na tangu saa ngapi. Ukikosea unazunguka mara mbili unaendelea, ukigusa boya tu mara moja, na kila mzunguko una kugeuka mara moja omo ikipita kwenye upepo na mara moja nyuma ya boti ikipita kwenye upepo. Wanaozunguka palepale nawaheshimu sana. Asiyetaka kukubali analalamikiwa, na kesi inasikilizwa jioni. Kaa kwenye hizo kesi hata kama hazikuhusu, utajifunza kanuni kuliko kusoma kitabu peke yako.

Sasa yanayoniudhi. Ratiba ya zamu kwetu inatoka imechelewa, unagundua Ijumaa kwamba Jumapili ni wewe, na kubadilishana na mtu inakuwa kazi. Wale wale wachache ndo wanabeba kila kitu, kuna watu hawajawahi kushika bendera tangu wajiunge na ukiwauliza wana udhuru kila mara, hao kamati ya klabu inawaogopa sijui kwa nini. Mgeni akija siku ya kwanza anaweza kusimama pale maji yanapoanzia saa nzima watu wanapita na boti zao hakuna anayemsalimia, sio roho mbaya, kila mtu anawahi mstari, ila mgeni hajui hilo na wengine hawarudi tena. Nimesema kwenye mkutano mkuu kwamba apangwe mtu wa zamu kwa ajili ya wageni tu, imekubaliwa, sa hivi inafanyika wikendi nyingi ila sio zote. Na jaketi okozi za kuazima nyingine zipu zimekufa, hilo halikubaliki kabisa kwenye klabu inayofundisha watoto, nimeshalisema na nitaendelea kulisema.

Nani hapafai? Anayetaka kutembezwa tu na upepo siku ya jua, hapa kuna baridi, kuna kungoja upepo huku bendera ya mistari nyekundu na nyeupe iko juu ya mlingoti na hakuna kinachoanza, kuna kuosha boti na kukunja matanga wakati wengine wameshaondoka. Nani panafaa? Familia kabisa, maana ni michezo michache ambayo mtoto, mama na babu wako kwenye mstari mmoja wa kuanzia na mtoto anashinda. Na mtu yeyote anayependa kujua vitu vinavyofanyika ndani.

Ushauri wangu kabla ya kulipa ada, omba upande boti ya kamati siku moja ya mbio kama mgeni, klabu nyingi hazikatai maana mikono haitoshi. Ukiwa pale uliza ratiba ya zamu inatoka lini, nani anafundisha watu kuendesha boti ya uokoaji na kama memba mpya anaruhusiwa kusoma hiyo kozi, aliye zamuni anapewa pointi gani, alafu nenda stoo ukazijaribu jaketi okozi za saizi yako, funga zipu na mikanda yote mpaka mwisho. Zikifunga na majibu yakikuridhisha, jaza fomu siku hiyo hiyo, na pale kwenye zamu andika jina lako mwenyewe kabla hawajakupangia.