TAHADHARI: Muuzaji wa mipira na brashi za vakyumu ya ukutani anayesema "inaingia kila mashine"

Assalaam aleikum na habari zenu nyote, haswa nyinyi mlio Nyali, Bamburi mpaka Mtwapa kwenye nyumba zenye ile vakyumu ya ukutani. Nawaomba msome hii kabla hamjamtumia mtu pesa.

Kwa asiyeijua, mashine yenyewe inafungwa gereji, mabomba ya plastiki yanapita ndani ya kuta, kila chumba kina tundu lenye kifuniko, we unachomeka mpira mrefu unafyonza vumbi na hewa yake inaishia huko huko gereji badala ya kurudi chumbani. Sisi tulihamia nyumba tukaikuta, na imemsaidia sana mamangu, ana pumu, na mchanga wa huku kwetu mnaujua unavyoingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Sasa mwezi uliopita mpira ukapasuka karibu na mkono, na brashi ya taili nayo singa zimekwisha kabisa. Nikazunguka maduka ya mjini tangu Mwembe Tayari mpaka Digo Road, kote hakuna, wengine hata hawakunielewa nataka nini.

Ndo nikamuona huyu bwana mtandaoni. Picha nzuri, video nzuri, seti kamili: mpira wa mita 10, brashi ya stima ya zulia, brashi ya taili, na lile bomba la kurefusha, yote shilingi 18,500. Nikaanza kumueleza mashine yangu ni ya aina gani, hata sijamaliza akanambia "dada usijali, hii inaingia kila mashine". Hapo ndipo nilipotakiwa nisimame. Hakuniuliza tundu la ukutani lina upana gani, hakuniuliza mashine inawashwa vipi, hakuniuliza nyumba ina mazulia ama taili, na mtu anayeijua hii biashara hawezi kukuuzia bila kukuuliza hayo.

Akataka 9,000 kwanza, ati za kutoa mzigo bandarini, nitume kwa namba ya mtu binafsi maana till yake (namba ya biashara ya M-Pesa) ina shida. Nikatuma. Siku tatu baadaye boda yuko getini na boksi limefungwa selotepu pande zote, akasema ameambiwa lisifunguliwe mpaka salio liingie. Mamangu ndani anakohoa tangu alfajiri, nami nataka nifagie chumba chake, nikalipa zile 9,500 nyengine. Boda kuondoka tu nikajaribu kupiga, nshablokiwa.

Sasa niwaambie kilichokuwemo, maana hapa ndipo mtu anapofaa kujua.

Ule mpira si wa vakyumu. Fundi wetu wa stima alipouona tu akasema huu ni kama ile ya kusafishia swimming pool, ndani una mikunjo mikunjo na mchanga unakwama humo, na ukiuminya unalala. Mpira wa hii mashine unatakiwa uwe na ubavu mgumu usiolala ikifyonza, na ndani uwe laini. Lakini kubwa zaidi ni huku mwisho unapochomeka. Ndani ya tundu la ukutani kuna vipini viwili vidogo vya chuma vya umeme mdogo wa volti 24, na mpira wa kweli mwishoni una pete ya chuma, ukichomeka ile pete inaviunganisha vile vipini na mashine inawaka kule gereji. Mipira mingine ina swichi mkononi na waya mbili nyembamba zimepita ndani yake. Huu wangu ni plastiki tupu, hauna pete, hauna waya. Nimeukazia tunduni kwa kitambaa, mashine kimya.

Na ile brashi ya stima ndo ilinitia hofu kweli. Waya wake una pini mbili bapa, na chini imeandikwa 120V 60Hz, yaani ni ya Marekani ama Kanada. Huku kwetu ukutani ni volti 240! Kwenye boksi kulikuwa na kiadapta kidogo cha kubadilisha umbo la pini tu, hakipunguzi volti hata moja. Lau fundi hangekuwepo ningeichomeka, mota ingeungua mkononi mwangu, na watoto wanacheza hapo hapo. Mtu anayekuuzia kitu kama hicho na kiadapta juu yake anahatarisha nyumba yako, hii si hasara ya pesa peke yake.

Na wala sikuihitaji, hilo nimelijua baada ya pesa kwenda. Nyumba nyingi za Mombasa ni taili ama terazo, brashi ya stima ni ya mazulia mazito ya ukuta kwa ukuta. Kwa taili unataka brashi pana bapa yenye singa laini, na ukiwa na zulia moja la sebuleni ile brashi inayozungushwa na hewa yenyewe inatosha, haina waya wala volti za kuumiza kichwa, ila inakula nguvu ya ufyonzaji kidogo. Bomba la kurefusha usichukue la chuma chenye rangi ya kung'aa juu, chumvi ya bahari italila, tafuta aluminiamu ama stenlesi. Na urefu wa mpira usikubali kuambiwa "mita 10 inatosha", chukua kamba, ishike tunduni, izungushe kochi na meza mpaka kona ya mwisho ya chumba kirefu, halafu uipime. Yangu ilitoka mita 11 na kitu. Upana nao upime kwa rula kwenye kipande chako cha zamani, tundu la ukutani na shingo ya brashi kila moja kivyake, maana kuna brashi za milimita 32 na za 35, na milimita hizo tatu zinatosha brashi isishike.

Nilituma ile meseji ya M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe, pesa zilikuwa zishatolewa. Nimeandikisha OB, yaani ripoti kituo cha polisi. Boksi halina alama yoyote ya KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, kama lako lina ile alama ya SM basi tuma SM# na namba yake kwenda 20023 uone kama ni ya kweli.

Jina sitaji, kwa sababu ukurasa aliotumia kwangu haupo tena na leo asubuhi nimeona picha zile zile kwa jina jengine, bei imeshuka mpaka 16,000. Mjue kwa haya: nusu ya pesa kwa namba ya mtu binafsi, hadithi ya bandarini, na boksi lisilofunguliwa. Kama umeshatuma nusu na unamngoja boda, usiongeze hata shilingi. Teremka na kipande cha mpira wako wa zamani mkononi, boksi lifunguliwe getini, tafuta ile pete ya chuma, na kama haipo mwambie boda arudi nalo.