Uzoefu wangu: kuandika wachezaji wote wa zamani wa Mazembe ndani ya programu ya jedwali ya simu

Nyota nne ku tano. Naanza na hiyo maana kuko watu wanasoma mstari wa kwanza tu halafu wanaenda zao, lakini wewe mwenye unataka kuandika historia ya ekipe yako, iwe Mazembe, iwe Lupopo, zile klabu mbili za mpira za Lubumbashi, ao hata ekipe ndogo ya kartye (mtaa) yenu, soma mpaka mwisho, kwa sababu ile nyota moja nimeitoa iko na maana yake na inaweza kukuharibia kazi ya miezi bila wewe kushtuka.

Programu ni zile za jedwali za bure, aina ya Excel, unaingia na akaunti ya barua pepe, unaanza kuandika ku simu unamalizia ku kompyuta na faili ni ile ile. Jina siliweki kwa sababu ziko nyingi, zinafanana, na mambo nitasema hapa nimeyaona kwa zaidi ya moja.

Kazi yenyewe ni hii. Mi na marafiki wachache hapa Lubumbashi, Kongo, tunatafuta kila mtu aliyewahi kuvaa jezi nyeusi na nyeupe ya Mazembe tangu 1939. Si manyota peke yao, hata yule wa benchi aliyeingizwa dakika za mwisho msimu mmoja halafu akarudi kufanya kazi yake ya kila siku, huyo pia tunamtaka. Leo ukiuliza kijana wa Kamalondo hapa mjini atakutajia Kidiaba, Mputu, Kalaba, Samatta, na ni haki yake, hao aliwaona. Lakini muulize nani alikuwa beki wa ekipe iliyochukua kombe la klabu bingwa Afrika 1967, ekipe ya kwanza kulichukua halafu ikalilinda mwaka uliofuata, atanyamaza. Hii inaniuma sana. Ekipe iliyocheza fainali nne mfululizo, 1967, 1968, 1969 na 1970, mji wao wenyewe hauwajui wale watu kwa majina!

Mwanzoni nilikuwa na daftari kubwa la mistari na daftari ni zuri, halihitaji umeme, lakini kwa klabu hii halitoshi kabisa na nitawaambia kwa nini. Klabu yenyewe imebadilisha jina mara nyingi. Mapadri Wabenedikto waliianzisha 1939 kama Saint-Georges, ikaja kuwa Saint-Paul, ikaja kuwa Englebert kwa sababu ya ile kampuni ya matairi, halafu ikaongezewa Tout Puissant (TP, yaani Mwenye Nguvu Zote) mbele baada ya ushindi mkubwa wa 1966, baadaye ndo Mazembe. Na mji nao mpaka 1966 uliitwa Élisabethville. Kwa hiyo karatasi inayosema "Saint-Paul, Élisabethville" na nyingine inayosema "TP Englebert, Lubumbashi" zinasema habari ya klabu moja mji mmoja, na mtu asiyejua atafikiri ni vitu viwili. Ndani ya jedwali unaweka kolamu moja ya jina la klabu la wakati ule na nyingine ya jina la leo, ukitaka kuchuja unachuja, imeisha. Hapo programu inapata alama zote kutoka kwangu.

Sasa shida kubwa kuliko zote ni majina ya watu. 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya Kikristo, kila mtu akabaki na jina la mababu, na wachezaji nao vile vile. Pierre Kalala, yule wa Englebert aliyefunga goli la pekee dhidi ya Ghana kule Addis Ababa 1968 nchi yetu ikachukua kombe la mataifa ya Afrika mara ya kwanza, utamkuta mahali pengine anaitwa Kalala Mukendi. Kipa Robert Kazadi, aliyekuwa ndani ya ekipe ya taifa iliyoshinda 1968 na ile ya 1974, ni yule yule Kazadi Mwamba wa Kombe la Dunia la Ujerumani. Programu haijui mambo ya Mobutu, kwake ni watu wawili, inakuhesabia wawili, na kama uko na mamia ya majina hautaona kwa macho.

Na usifikirie ni mambo ya zamani tu. Angalia 2010 Abu Dhabi, nusu fainali ya klabu za dunia, tumewapiga Internacional ya Brazil 2-0, klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Kabangu huyo utamkuta Patou Kabangu, utamkuta Mulota Kabangu, utamkuta Kabangu Mulota. Kaluyituka utamkuta Alain Dioko, Dioko Kaluyituka, Kaluyituka Dioko. Hao ni watu ambao dunia nzima iliwaona ku televisheni na bado kila gazeti linaandika kivyake, je wale wa 1950?

Dawa yake, na hii ndo kitu ningependa mtu angeniambia siku ya kwanza: usijenge jedwali juu ya jina, jenga juu ya mtu. Kila mtu anapewa namba yake, namba haibadiliki hata siku moja hata akifa hata ukigundua jina lake lilikosewa. Ukurasa wa kwanza ni watu, namba na mahali alicheza uwanjani. Ukurasa wa pili ni majina, hapo mtu mmoja anaweza kuwa na mistari minne, yote namba moja. Wa tatu ni miaka na mechi. Wa nne, na ukiukosa huu kazi yako ni masolo (porojo) tu, ni nani alisema: foto, gazeti, ao mzee fulani na tarehe ya kuongea naye. Kuunganisha hizo kurasa programu inafanya yenyewe ukishajua ile fomula ya kutafuta, inachosha kuijifunza kidogo lakini ukiikamata imekamatika.

Sasa ile nyota niliyoitoa. Mchezaji aliyekuwa nasi kutoka 2011 mpaka 2012, mtu wa kawaida anaandika 2011-12. Programu inageuza kimya kimya inakuwa Desemba 2011, yaani inafikiri ni tarehe! Haikuulizi. Na ubaya wake ni kwamba ukiandika 1967-68 inaacha kama ilivyo, kwa sababu hakuna mwezi wa 68. Kwa hiyo wazee wako wote wako sawa, unaangalia juu unaona safi, kumbe kilichoharibika ni miaka inayomalizikia 2001 mpaka 2012 peke yake, na kwa Mazembe hiyo ndo miaka ya dhahabu, humo ndani kuko vikombe vya 2009 na 2010. Ponya yake ni rahisi, mwaka wa kuanza kolamu yake, mwaka wa kumaliza kolamu yake, usiunganishe kamwe, ao kabla ya kuandika chochote chagua kolamu nzima uiambie ni maandishi tu. Lakini programu inayotumiwa na watu dunia nzima ingeweza angalau kuuliza kabla ya kugeuza.

Mambo ya foto. Foto ndo ushahidi mkubwa tuliopata maana bapapa (wazee) wengi wako na foto ya ekipe ukutani ao ndani ya valizi, watu wamepanga mistari miwili, wamesimama na wamechuchumaa, kipa ameshika mpira. Tulipeleka za kwanza ku nyumba moja ya foto mjini wazipige skani, na jina lao naliacha, waliturudishia picha nzuri zinang'aa lakini wamekata pembeni ili zikae vizuri ku karatasi, na pembeni ndo kulikuwa kumeandikwa mwaka kwa kalamu. Bahati foto zenyewe tulikuwa nazo. Tangu hapo tunapiga wenyewe na simu, mchana, karibu na dirisha, bila flashi kwa sababu flashi inaacha doa jeupe ku sura ya mtu, na kila foto inapigwa mbele NA nyuma. Nyuma! Nyuma ndo kuko majina, saa ingine mhuri wa mpiga foto, saa ingine maneno ya mke wa mzee yenye tarehe. Faili tunaipa namba ile ile ya ukurasa wa vyanzo basi haipotei.

Ile kazi ya simu ya kusoma maandishi kutoka ku picha, kwa gazeti lenye karatasi safi inasoma Kifaransa vizuri sana, inakuokolea vidole. Kwa gazeti lililopauka inachanganya, r na n zikikaribiana inasoma m, herufi l inakuwa 1, na majina yetu ndo inayaumiza zaidi maana hayamo ndani ya kamusi yake. Tumia lakini rudia kusoma kwa macho yako, jina kwa jina.

Kuko mzee mmoja tulienda kumwona na foto ya ekipe ya miaka ya sitini tukiwa na wachezaji watatu hatuwajui. Alivaa miwani, akaweka kidole juu ya yule wa kushoto aliyechuchumaa, akakaa hivyo bila kusema. Nikamuuliza, "Papa, huyu unamkumbuka?" Akajibu, "Mwana, uyu njo alikuwa ananipatia mipira yote. Andika jina lake mbele ya langu." Akatutajia jina la ubatizo, jina la mababu, na lile la uwanjani, yote matatu kwa mara moja. Tuliingiza palepale ku simu mbele yake, mistari mitatu namba moja, na nikamsomea tena kwa sauti mpaka akakubali tahajia. Ndo faida ya kuwa na jedwali mfukoni, daftari langu lingebaki nyumbani.

Lakini mzee naye anachanganya, na si kosa lake, ni miaka mingi. Wengi hapa watakuambia kwa moyo wote kwamba tuliwapiga Asante Kotoko ya Ghana ku mechi ya tatu ya fainali ya 1967. Fainali ile ilikuwa 1-1, halafu 2-2, ikapangwa mechi ya kuamua na Kotoko hawakuonekana, kombe likaja kwetu. Sasa mtu akikuambia alifunga goli ku mechi ya tatu ya ile fainali, ukurasa wa vyanzo ndo unakusaidia, unaandika alichosema kama alivyosema, kwa jina lake na heshima yake, na pembeni unaandika kilichojulikana. Haufuti neno la mzee. Kwa matokeo tunalinganisha na RSSSF, wale wa kujitolea wanaokusanya matokeo ya mpira wa dunia nzima tangu 1994, wako vizuri kabisa kwa tarehe na magoli, ila kwa mechi nyingi za zamani za kwetu hautapata orodha ya wachezaji kumi na moja. Hiyo lazima itoke hapa hapa Lubumbashi, ku komini za Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi, ku nyumba za watu.

Internet: unaweza kuweka faili ikae ndani ya simu ufanye kazi bila mega (bando la internet), ukipata mtandao inapeleka yenyewe. Inafanya kazi kweli, umeme ukikatika jioni naendelea. Ila foto usiziweke ndani ya jedwali, linakuwa zito simu ndogo inakwama, weka foto ku folda yake na ndani ya jedwali uandike namba tu.

Kitu nimekipenda kuliko vyote ni historia ya mabadiliko. Mmoja wetu alipanga kolamu ya majina peke yake kwa alfabeti, zingine zikabaki palepale, ghafla Kidiaba akawa na miaka ya Kazadi na kila mtu ana magoli ya mwenzake. Tulifungua matoleo ya nyuma, tukachagua la asubuhi, tukarudisha, dakika chache tu. Baada ya hapo tukapanga kwamba wawili ndo wanaandika, wengine wote wanasoma na kuacha maoni, na wazee wanaotaka kuona tunawachapishia ku karatasi kwa herufi kubwa.

Ningeomba waongeze kitu kimoja, nikitafuta jina programu inionyeshe na yale yanayokaribiana, Mwepu na Muepu, Tshimen na Tchimen. Bwanga Tshimen alikuwa mchezaji bora wa Afrika 1973 akiwa Mazembe, si sawa apotee kwa sababu ya herufi moja. Na Mwepu Ilunga, dunia inamjua kwa lile teke moja la Kombe la Dunia 1974, alipoupiga mpira wa adhabu wa Brazil kabla wao hawajaupiga, wanamcheka mpaka leo, sisi kwetu ni beki wa Mazembe na bingwa wa Afrika mwaka ule ule, na ndani ya jedwali letu hicho ndo kimeandikwa mbele.

Kwa mwenye anataka kuanza: ni bure, simu ya kawaida inatosha, anza na namba za watu, tenganisha miaka, na nenda kwa wazee wiki hii. Upande wa Lupopo, ekipe ya cheminots (wafanyakazi wa reli), nao ni wa 1939 kama sisi na wachezaji wengine walivuka kwenda na kurudi, kama kuko mtu anaandika yao atuambie anatumia kolamu gani, tupange namba zisigongane mapema kabla faili hazijakuwa kubwa.