Fundi wa tela la baiskeli, Ngamiani: aliuliza mzigo kabla ya pesa

Nauza madafu Raskazone, hapa Tanga. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiyapakia kwenye keria ya Phoenix yangu, nafunga kwa mipira, mwisho madafu 25. Ukizidisha hapo gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unayumba, na ukifunga breki ghafla mzigo wote uko chini. Guta sina uwezo nalo. Nikaamua kutengenezesha tela la kuvutwa na baiskeli, kwa vyuma chakavu.

La kwanza lilinitia hasara. Fundi niliyempata alichukua magurudumu mawili ya baiskeli, akayafunga kila moja kwa upande mmoja tu wa ekseli, mfano wa gari. Siku ya tatu, nikiwa na madafu 40, ekseli ya kulia ikapinda, rimu ikaanza kusugua ubao, spoku nne zikakatika. Madafu niliyauza palepale njiani kwa bei ya kutupa. Iliniuma sana.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayechomelea vyuma Ngamiani, chini ya mwembe, hana hata kibao. Nikamwonyesha ile ekseli. Akaigeuza mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, unabeba nini, na unapita njia gani?" Nikamwambia madafu, mzee wangu, lami sehemu kubwa, mwishoni vumbi na mashimo. Akanieleza kwamba ekseli ya baiskeli ni nyembamba, imetengenezwa ishikwe pande zote mbili kama inavyokaa kwenye uma. Ukiiacha upande mmoja, uzito wote unaikunja.

Tukaenda pamoja kwa wauza vyuma chakavu. Tulirudi na engo, yaani vyuma vya pembe, za kitanda cha chuma, bomba la fremu ya baiskeli iliyokufa, na rimu moja nzima ya kubadilisha ile mbovu. Vyote 27,000. Ufundi alinitoza 60,000. Kila gurudumu sasa linakaa katikati ya engo mbili, moja ndani na moja nje, nati zimekazwa huku na huku. Gololi za habu alizitoa zote, akaziosha kwa mafuta ya taa, zilizoliwa akazitupa, akapaka grisi mpya. Hilo sikumwomba.

Kiungo cha tela na baiskeli ndicho kilichonifurahisha zaidi. Alikata kipande cha tairi la lori, mpira uleule wa katambuga, akakikunja na kukibana kwa bolti mbili mwisho wa bomba. Tela likiinama shimoni, mpira unajikunja, baiskeli haitikisiki. Kimefungwa chini, karibu na ekseli ya nyuma, upande wa kushoto. Wengi hufunga kwenye bomba la kiti, lakini huko juu mzigo ukisukuma kwenye kona unakulaza. Juu yake ameongeza mnyororo mwembamba, ili mpira ukikatika tela lisinikimbie.

Kabla ya kupigilia mbao alipakia matofali, akanyanyua mkono wa tela kwa vidole viwili. Ukajinyanyua wenyewe. Akakunja uso: mzigo umelalia nyuma, utainua baiskeli. Akakata alipochomelea, akasogeza magurudumu nyuma kiganja kimoja, akachomelea upya. Jaribio la pili mkono ulitua taratibu kwenye vidole vyake, akaridhika.

Leo ni mwezi wa nne tangu nilichukue. Nabeba madafu 60, ekseli zimenyooka, spoku hazijakatika hata moja.

Kasoro zipo. Aliniahidi siku nne, zikawa tisa, kwa sababu umeme ulikatika na yeye hana jenereta. Rangi hakupaka, chumvi ya bahari ikaanza kula maungio ndani ya wiki mbili, nikapaka mwenyewe. Stendi ya mbele haipo, kwa hiyo ukilifungua kwenye baiskeli linainama puani na madafu yanabingirika. Na tela halina breki: ukiwa umepakia, anza kupunguza mwendo mapema, maana linakusukuma kwa nyuma. Rifleta mbili nyekundu aliweka, lakini usiku mimi siendi nalo.

Ukienda kwake, nenda asubuhi, na peleka mzigo wako halisi wa kujaribia. Jana nimempelekea magurudumu mengine mawili. Tela hili jipya ni la dada yangu anayeuza mkaa Makorora, na stendi nimeomba ichomelewe kwanza, kabla ya mbao.