Kazimierz Dolny: Mji Mdogo Kando ya Mto Wisła
Ziara ya kuongozwa katika mji wa Kazimierz Dolny, mashariki mwa Poland, ilistahili siku nzima badala ya saa mbili tulizopangiwa. Maghala ya mawe kando ya mto Wisła yanakumbusha jinsi nafaka iliyosafirishwa kwa maji hadi bandari ya Gdańsk ilivyowatajirisha wafanyabiashara, na nyumba mbili za ndugu wa ukoo wa Przybyła, zilizojengwa mwaka 1615 na kupambwa kwa sanamu tele (kupita kiasi, kwa maoni yangu), ni ushahidi wa utajiri huo. Kilichonigusa zaidi ni ukuta wa kumbukumbu uliojengwa kwa vipande vya mawe ya makaburi ya Wayahudi, ambayo Wanazi waliyang'oa na kuyatandaza chini kama sakafu. Mwongozaji alitupitisha hapo kwa haraka mno.