Kozi ya jioni ya umeme wa majumbani hapa Mwanza, nimemaliza, mrejesho wangu huu

Habari zenu wana Mwanza, niliahidi nikimaliza nitaleta mrejesho kwa hiyo naleta. Mimi ni mama wa miaka 39, nimeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba miaka kumi na kitu mpaka mgongo umechoka, na umeme nilikuwa naupenda toka zamani yaani pasi ikifa nyumbani nafungua mwenyewe. Nikajiunga kozi ya miezi mitatu, jumatatu mpaka ijumaa saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, chuo kidogo cha binafsi, jina siliweki maana kuna sehemu nitalalamika.

Umri ndo mmeniuliza sana inboksi. Jamani umri sio tatizo. Tulikuwa 14, wapo wa bodaboda, yupo baba mmoja mstaafu, mwalimu mwenyewe kijana wa kumzaa kabisa, ananiita mama mimi namwita mwalimu na kazi inaenda. Hesabu nazo ni kugawanya tu, jiko la wati 3000 gawanya kwa volti 230 unapata ampea 13, hapo unajua uvute waya gani na breka gani.

Kilichonifanya niipende hii kozi ni mikono. Kila mtu anapewa ubao wake, unafunga meni swichi, soketi, holda na swichi za tuwei (taa moja swichi mbili), unabomoa, unafunga tena. Wiki nzima ilikuwa kumenya waya tu na mimi nikaona wanatupotezea muda, mpaka siku mwalimu alipochukua waya wangu wa milimita 1.5, ule wa uzi mmoja, akaupinda mara tatu pale kisu kilipopita ukakatika mkononi mwake. Akanionyesha kikovu kidogo kwenye kopa, yaani ile shaba ya ndani, akasema mama, waya wako utaanza kuungulia hapa. Toka siku hiyo nikimenya kisu nakilaza, sikikandamizi wima kikagusa shaba.

Halafu eathi, yaani ule waya wa usalama unaoshuka ardhini kwenye rodi ya chuma. Nyie mnajua milima yetu ni mawe matupu, tulienda saiti juu kule Mabatini, rodi ukiigonga inafika nusu inagoma, na mafundi wengi hapo wanachukua msumeno wanakata, kichwa kinabaki juu mwenye nyumba anaona ni rodi nzima. Mwalimu alikataa katakata, tumehamisha mara tatu tunatoka jasho mpaka tukapata udongo wenye unyevu nyuma ya bafu la nje ikazama yote. Alisema eathi isiposhika, siku waya ukigusa bodi ya friji breka haishtuki, atakayeupokea huo umeme ni mtoto anayefungua mlango wa friji. Nina watoto watatu, sijasahau.

Sasa malalamiko. Maltimita zilikuwa mbili kwa watu 14, foleni kila siku, na ile mashine ya kupimia insulesheni (ganda la waya kama halivujishi umeme) tuliishia kuchorewa ubaoni. Hilo navumilia. Lililoniuma ni kwamba siku ya kujiandikisha waliniambia ukimaliza kesho yake unaanza kupiga kazi zako, na sio kweli! Kufanya wayaringi ya nyumba kihalali unatakiwa leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, ina madaraja yake, na nyumba mpya TANESCO hawawashi bila fomu ya fundi mwenye leseni. Cheti cha miezi mitatu hakikufikishi hapo, wangesema mapema mtu ajipange. Kwa hiyo kabla hujalipa uliza usajili wa chuo, uliza mtihani unasimamiwa na nani na cheti chao kinakupeleka wapi. Na kama wewe umejifunzia mtaani miaka mingi, nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, uulizie kurasimisha ujuzi, wanakupima ulichonacho wanakupa cheti, usianze moja.

Mimi sasa hivi niko chini ya fundi mwenye leseni, yeye anakagua na kusaini, mimi nasuka nyaya huku najiandaa na mitihani ya VETA.

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya uongo wa siku ya kwanza.

Juzi jirani kaniita usiku, nyumba nzima giza lakini ukichomeka tesita (bisibisi ya kupimia umeme) kwenye soketi inawaka matundu yote mawili, fundi mmoja alishamwambia nyaya zote zibadilishwe. Tulifundishwa hiyo, nyutro imekatika, yaani waya unaorudisha umeme. Nikazima meni, nikapanda darini na tochi, boksi ya pili tu nikaikuta nyutro imechomoka kwenye konekta ncha nyeusi imeungua, nikakata ncha, nikamenya upya kisu kimelala, nikakaza. Taa zikawaka na watoto wake wakapiga kelele. Kanipa elfu kumi na sato wawili. Mwalimu kama unasoma hapa, wabeja sana, asante kwa Kisukuma chetu.