Shotigani ya kwanza kwa mtu wa Malindi: ipi uchukue na ipi uiache dukani

Mwezi huu peke yake vijana watatu washaniuliza swali moja, wa mwisho alinishika sokoni nimebeba samaki mkononi, ati ami, nataka shotigani, bunduki ya marisau (vile vigololi vidogo vinavyotoka vingi kwa mpigo mmoja), ya kuweka nyumbani na ya kwendea renji, uwanja wa shabaha, ninunue gani? Basi nikaona niandike mara moja nipumzike. Naandika kama mtu anaekaa Malindi, nyumba yangu na bahari ni mwendo wa sigara moja, manake huo ushauri mwingi unaosomwa mitandaoni umeandikwa na watu wa Marekani bara ndani huko, ambao chumvi wanaijua mezani tu.

Karatasi kwanza. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mchezo, bila cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha usishike kitu, hata kama ni ya marehemu babako na imelala juu ya kabati miaka ishirini. Utachunguzwa, utatoa cheti cha tabia njema, utaulizwa utaiweka wapi. Na cheti chenyewe kinataja bunduki gani na risasi ngapi, kwa hivo usiende kuweka rubuni dukani kwa vile umependa rangi. Afu niseme ukweli, kama kinachokusumbua ni mwizi wa kuku na pampu ya kisima, nunua taa ya sola, kitasa cha maana na mbwa anaebweka, utakuwa umelala zaidi kuliko mimi.

Jambo lingine watu hawalisomi, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu. Kujitetea kunapimwa kwa kiasi cha hatari iliyokuwako pale. Mtu aliekupa mgongo anakimbia na tivii yako sio hatari tena, ukimpiga wewe ndo utapanda kizimbani.

Haya, sasa bunduki. Yangu ya kwanza niliuziwa na muuzaji mmoja aliekuwa na haraka ya kumaliza stoku, mtutu wa inchi 28, choki, yaani ule mbano wa mdomo wa mtutu unaoweka marisau pamoja, imebana kabisa, nzuri mno kama unafukuza ndege mashambani. Nyumbani kwangu korido ni nyembamba, ile siku ya kwanza imefunguliwa tupu nikajaribu kugeuka nayo mlangoni mwa chumba cha watoto mdomo wa mtutu ukagonga fremu, nikarudi nyuma kitako kikagonga ukuta, mke wangu amekaa kitandani ananiangalia tu hasemi. Hiyo ni moja. Ya pili ilikuja mwezi wa sita, kusi limeshika, kila kitu nyumbani kinanata. Niliipangusa nje kila wiki nikajiona fundi. Siku nimefungua kile kishikio cha mbele cha mbao nikakuta chini yake mtutu umetapakaa madoadoa ya kutu mekundu, kama pilipili ya unga iliyomwagika. Pale unyevu ulijificha na kitambaa changu hakikufika hata siku moja. Toka siku hiyo bunduki yoyote naipima kwa chumvi kwanza, mengine baadae, na huu mpangilio wangu hapa chini umefuata hivo.

Namba moja kwangu ni Mossberg 500, pampu, yaani ile ya kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele kila ukishapiga, mtutu wa inchi 18.5. Imetengenezwa zaidi ya miaka 60 na vipuri vinajulikana kote. Ile bodi yake ya katikati ni alumini, haipati ile kutu nyekundu ya chuma, kwa hivo kazi yako ya kupangusa inabaki kwenye mtutu na vyuma vya ndani. Sefti, kile kitufe cha kuizuia isifyatuke, iko juu mgongoni pale dole gumba linapolala, uwe wa mkono wa kulia au wa kushoto ni sawasawa, na unaiona kwa macho imefungwa au iko wazi. Inabeba risasi 5 za kawaida kwenye bomba lake. Kama mfuko unaruhusu tafuta dada yake 590 Mariner, ile ya rangi ya fedha iliyopakwa maalum kwa watu wa maboti. Kwa mtu wa Shela ya Lamu au Kizingitini, ambae hewa yake nusu ni maji ya bahari, mi naona hiyo sio anasa.

Lakini pampu ina somo lake. Siku yangu ya kwanza renji nilipiga ya kwanza vizuri, nikavuta kwa uoga, nusu nusu, ganda halikutoka lote na risasi nyengine imeshaanza kupanda, mashine ikanasa. Msimamizi akaja akanionesha: vuta mpaka mwisho kwa hasira kama unavuta nanga, sukuma mpaka mwisho. Kosa hilo ni la mkono, na linaisha kwa mazoezi tu. Ukinunua pampu ukaiweka miezi minane bila kuigusa, siku ya shida mkono utavuta nusu.

Namba mbili ni Maverick 88. Inatoka kwa hao hao Mossberg, tofauti sefti iko pembeni ya kifyatulio na kumalizwa kwake ni kwa kawaida tu, bei chini. Mitutu mingi ya 500 inaingia humo mradi bomba la risasi liwe la urefu ule ule. Pesa itakayobaki weka kwenye risasi za mazoezi na sefu. Kijana wa sokoni nilimwambia hii.

Namba tatu, Remington 870. Nikisema tatu kuna wazee watanuna, manake hii ni bunduki iliyoanza 1950 na zimeuzwa mamilioni, inateleza vizuri kushinda zote mbili nilizotaja. Kilichonifanya niishushe ni bodi yake ya chuma kitupu, kwetu sisi hiyo ni eneo lingine zima la kupangusa. Kuna toleo lao la baharini lililopakwa nikeli, hilo ukilipata panda nalo mpaka namba moja. Pia kampuni ya zamani ilifilisika 2020 ikauzwa vipande vipande, kwa hivo ukikuta ya mtumba uliza ni ya miaka gani.

Namba nne ni mitutu miwili, wa juu na wa chini ama ya ubavu kwa ubavu, Baikal za Kirusi na kadhalika. Kama asilimia tisini ya hamu yako ni kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, basi kwako wewe hii ni namba moja na usinisikilize. Ni rahisi, unaikunja mara moja na kila mtu hapo anaona iko tupu, hakuna kubahatisha. Kwa nyumbani ni ndefu na una risasi mbili tu.

Namba tano hizi za kujipakia zenyewe, Beretta 1301, Benelli M2. Tamu, Beretta hasa inaendeshwa kwa gesi ya risasi yenyewe ikilipuka na haiumizi bega. Lakini bei yake utalia, na ina vijisehemu vingi vya kusafisha kwenye hewa ya mchanga na chumvi. Iwe ya pili, sio ya kwanza.

Za kuacha dukani: ile ya mtutu mmoja nyepesi, watu wanadhani ni ya wanaoanza kwa vile ni rahisi, kumbe wepesi ndo unaokutandika, bunduki nzito inameza msukumo na nyepesi inakuachia wewe. Na ile isiyo na kitako, ina mkono kama wa bastola tu, ya sinema hiyo, huwezi kulenga.

Kulenga, ndio. Kuna uongo unazunguka kwamba shotigani hailengwi, unaelekeza upande wa mwizi tu marisau yanajaza chumba. Hesabu ya haraka ni kwamba marisau yanatawanyika kama inchi moja kwa kila yadi, kwa hivo kutoka mlango wa chumba hadi mwisho wa sebule yamekaa pamoja kama kiganja. Ukikosa umekosa yote, na yanaendelea safari. Risasi ya kawaida ya marisau makubwa ya 00 ina vipande 9, kila kimoja milimita 8 na kitu. Ukuta wa mawe ya matumbawe wa nyumba za zamani Lamu utayameza, lakini udongo na fito, mabati, ama ile mbao ya kugawanyia vyumba, hayo ni karatasi, na upande wa pili amelala mtoto wako au jirani. Kabla hujanunua tembea nyumbani kwako uangalie kila ukuta na uulize nyuma yake yuko nani.

Geji sasa, yaani upana wa tundu la mtutu, 12 au 20? Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Kumi na mbili risasi zake zinapatikana zaidi, ishirini inasukuma kidogo. Kama kuna mwengine nyumbani mwenye cheti chake nae ataitumia, nendeni dukani wote wawili. Weka kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa uone kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kunyoosha shingo. Mke wangu, alipopata cheti chake, alipiga 12 yangu risasi sita, usiku bega likawa rangi ya zambarau iliyoiva, akasema hiyo mali yako. Sasa ana geji 20 ya kitako kifupi na shabaha ananishinda, tusiongee sana habari hiyo.

Ila hapa simama usome pole pole: mkiwa na geji mbili nyumbani, risasi zake zisikutane mfuko mmoja kamwe. Risasi ya 20 ikiingia kwenye mtutu wa 12 inateleza mbele inakwama, huioni, wewe unadhani chemba, pale risasi inapokaa, iko tupu unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua, mtutu unapasuka na mkono wako uko pale pale. Ndo maana risasi za 20 huwa na ganda la manjano. Na soma ubavuni mwa mtutu umeandikwa milimita 70 ama 76, usitie risasi ndefu kwenye chemba fupi hata kama inaingia.

Kwa renji huhitaji marisau makubwa, yale madogo ya namba 7½ au 8 yanatosha na mfuko haulii. Iliyo karibu nasi ni Bamburi, kilomita mia na ushei kutoka hapa, piga simu kwanza uulize siku za shotigani. Bunduki isafiri tupu, ndani ya mfuko wake, risasi mbali, cheti mfukoni, na ukitokea Lamu kwa njia ya Witu na Garsen vizuizi ni vingi, kwa hivo mwambie askari una nini kabla hajaanza kupekua mwenyewe.

Ukirudi, usiiache kwenye mfuko, ule mfuko unashika unyevu kuliko hewa. Fungua kishikio cha mbele, mafuta kidogo kwa kitambaa, mpaka chini kule, kisha sefu. Na sefu lenyewe, mafundi wetu wanapenda kupiga bolti mbili kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa wanakwambia tayari bosi. Vuta kwa mikono miwili mbele yake kabla hujamlipa. Langu lilitoka na kipande cha ukuta, ikabidi tuchimbe tumwage zege upya, na fundi akaniomba pesa ya simiti.